Kigae cha Mistari Myeusi

Kila Jumamosi, kabla jua halijafika sakafuni mwa korongo, Delphine Bitsui alifuta vumbi kwenye vioo vya lori dogo la mjomba wake, akajaza madumu ya maji, akafunga mikate ya kukaanga aliyoipika bibi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mdomo usiojua kupumzika.

Mjomba Harrison alikuwa ametembeza wageni korongoni kwa miaka ishirini. Lakini mwezi uliopita kigae kimoja cha chungu, chenye mistari myeusi, kilipotea penye nyumba za watu wa kale, naye akaletewa barua ya onyo kutoka ofisi ya hifadhi. Kikipotea kingine, kibali chake cha kuongoza wageni kingechukuliwa.

Siku hiyo walimchukua Bwana Kessler na mkewe. Walipofika kwenye nyumba za kale, mjomba aliwasimamisha nje ya uzio. "Hapa tunatazama kwa macho tu," alisema. "Vya marehemu havishikwi."

Bwana Kessler akainama kama anayefunga kamba za kiatu. Mkono wake ukapita chini ya uzio, kisha ukaingia mfukoni.

"Umeokota nini?" Delphine akauliza.

"Kijiwe tu, binti."

"Kijiwe gani kina rangi?"

"Delphine!" mjomba akamkemea. "Huyo ni mgeni."

"Kwani mgeni hana mikono?"

Bwana Kessler akapanda lori kwa hasira. "Viko maelfu. Kimoja kitapunguza nini?"

Loo! Delphine akaenda kusimama mbele ya lori, katikati ya njia ya mchanga, akafunga mikono kifuani. "Basi hatuondoki. Kirudi kwanza."

"Nitakushtaki ofisini!"

"Nishtaki! Nikutajie na herufi za jina langu?"

Jua liliwaka. Hakuna aliyesogea. Mwishowe Bibi Kessler akachoka. "Walter, acha kutuaibisha. Kirudishe."

Alikirudisha huku akinuna. Mjomba akamshika Delphine bega, macho yakimng'aa. "Mwezi uliopita mgeni mmoja aliniponyoka na kigae. Leo nimepata mlinzi."

Sifa ile ilimchoma Delphine. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua. Lakini alifungua mkoba wake, akatoa soksi kuukuu na kuikunjua. Ndani yake mlikuwa na kigae chenye mistari myeusi.

"Hakuna mgeni aliyekichukua, Mjomba. Ni mimi. Kilikuwa kizuri. Halafu barua ikaja, nikaogopa."

Bwana Kessler akaangua kicheko. "Kumbe nyani haoni kundule!"

"Cheka," Delphine akasema. "Lakini mimi nimekitoa bila mtu kunizuilia lori."

Mjomba hakucheka wala hakufoka. "Mwezi mzima nimewasema vibaya watu wasio na kosa," alisema. "Kirudishe. Jumatatu tutakwenda ofisini, nawe utayasema haya haya kwa mdomo wako huo."

"Wakikunyang'anya kibali je?"

"Wataninyang'anya. Lakini uongo sitaupakia tena kwenye lori langu."

Jumatatu, Delphine alisimama mbele ya meza ya mkuu wa hifadhi na kusema yote, mwanzo hadi mwisho. Mkuu akamtazama, akamtazama na mjomba. Kisha, kwa kuwa kigae kilikuwa kimerudi na ukweli umesemwa, akaifuta ile barua ya onyo. Kuhusu Delphine, aliamua kwamba asishuke korongoni na wageni hadi mapichi ya bustani za korongoni yavunwe, miezi kadhaa mbele. Delphine alifungua mdomo abishe, akaufunga.

Njiani kurudi nyumbani alisema, "Adhabu yenyewe ni ndefu."

"Ni ndefu, na ni yako," mjomba akajibu. "Sikiliza, mama. Juzi ulisimama mbele ya lori kumzuia mtu mwingine, nikafurahi. Lakini kazi hiyo ni nyepesi. Uliponyoosha mkono ukachukua kigae, nani alisimama mbele yako? Kuanzia leo, mtu wa kwanza kumzuia awe ni wewe mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata Delphine alifuta vioo, akajaza madumu, akafunga mikate. Kisha akabaki juu ukingoni, akilitazama lori likishuka bila yeye, wala hakumlaumu mtu.