Mche wa Stroberi Ndani ya Chupa ya Chai

"Fungua mkoba, Mayasa."

Mselem, mlinzi wa geti, aliyasema hayo macho yakiwa chini, maana aliyekuwa anampekua ni mchumba wake mwenyewe. Kwa kawaida foleni ya getini saa ya kutoka ni kelele tupu, watu wanataniana mpaka soksi zilizotoboka. Jioni hiyo hata mwenye kikohozi alikimeza.

Madame Héritière, Mkongomani anayesimamia shamba, alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani.

"Toa vyote, papa. Miye pia niko naona haya, lakini kazi ni kazi."

Mselem akatoa. Kanga, akaikung'uta. Bakuli la chakula, akalifunua. Kitana, mafuta ya kupaka, tasbihi.

"Hamna kitu, Madame."

"Basi alishamupa mutu." Héritière akamgeukia Mayasa. "Mutoto amekatwa kwa laini yako, na kwa ndoo hayumo. Nani mwingine anagusaka ile laini? Kesho usirudi, mama."

Mayasa hakulia. Alimtazama Mselem kama mtu anayesubiri kusemewa neno. Mselem akavuta geti.

"Pita, Maya."

Ndilo neno alilopata.

Sasa, huyo "mtoto" si wa kubebwa mgongoni. Shamba lenyewe ni nyumba za nailoni, nje kidogo ya Diepsloot, huko Joburg, mnamolimwa stroberi za Kijapani. Zinauzwa kwa matajiri wa Sandton zimelazwa mojamoja kwenye sponji, utadhani zimetoka kujifungua. Mayasa alikuwa anazisimulia kama wengine wanavyosimulia watoto wao. Mchana akija kula getini na Mselem, atamwambia habari za Tochiotome, tamu yenye ukali kidogo kwa mbali. Atamwambia za Amaou, bonge la tunda, ambalo jina lake Wajapani wamelitunga kwa herufi za mwanzo za maneno nyekundu, mviringo, kubwa na tamu.

"Hilo si jina, hiyo ni CV," Mselem akacheka.

Lakini aliyoipenda Mayasa ni ile nyeupe, iliyopandwa kwenye laini moja, mstari ambao yeye peke yake ndiye aliyekabidhiwa kuuhudumia. Inaiva ikiwa nyeupe hivyohivyo, imeona haya kidogo mashavuni, vijimbegu tu ndivyo vyekundu. Mselem alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama matajiri wa Sandton hawana macho, wanauziwa mbichi. Siku moja Madame akamwonjesha. Mayasa akamwelekeza aanze upande wa majani amalizie nchani, kwa sababu nchani ndiko utamu ulikojificha. Mselem akala, akalamba vidole.

"Inaitwaje hii?"

"Jina lake la Kijapani maana yake harufu ya penzi la kwanza."

Mselem akasema basi siku ya harusi atampa mche wake, auweke dirishani. Mayasa akamkatalia palepale. Stroberi inatambaza kikonyo, na nchani kinaota mche mdogo. Ndiye huyo mtoto, na mtoto ni mama yake mtupu, hatofautiani naye hata kwa ladha. Ukitoa mmoja nje umetoa shamba zima, na aina ile ina wenyewe waliohangaika nayo miaka. Ndiyo maana watoto wote hukatwa, wakawekwa kwenye ndoo, na Madame akasimamia wakichomwa.

Mselem aliyasikia yote hayo kwa masikio yake mawili. Halafu mchana mmoja, akizunguka lindo, akakata mche mdogo mmoja, akauviringisha kwenye tishu yenye maji, akautia ndani ya chupa yake ya chai. Jioni yake akatoka nao akipiga mluzi, na Madame akaja kugundua pengo kesho yake. Pale getini wanapekuliwa wote isipokuwa anayepekua.

Kwamba stroberi nyeupe zina mhudumu mmoja tu, na kwamba huyo ndiye anayetaka kumpa zawadi, hakuwaza hata kidogo. Alikuwa anawaza harusi.

Jioni ile ya kufukuzwa alimfuata Mayasa kwa dada yake Zubeda, nyuma ya spaza, kiduka chake cha mtaani, na chips mkononi. Akamwambia asahau, kazi ziko nyingi Joburg. Mayasa akamuuliza ni nani anayeweza kumfanyia hivi. Mselem akajibu kwamba dunia ina watu wabaya. Chips hazikuguswa, akaishia kuzila mwenyewe.

Chumbani kwake mche ulikuwa dirishani kwenye kopo la yogati. Angalau ungekauka. Wapi, ukatoa jani jipya.

Baada ya siku chache meseji ikaingia: "Mselem, mambo ya ndoa tuyasimamishe kwanza. Sitaki uoe mtu anayenyooshewa kidole. Wewe ni mtu safi."

Aliisoma kwenye foleni ya teksi, na teksi ikajaa ikaondoka yeye kasimama.

Habari ilikuwa imeshaingia kwenye grupu la Watanzania, na kutoka grupu hadi Tanga ni mwendo wa kidole. Mama yake akapiga.

"Mselem, huyo binti kafukuzwa kwa wizi?"

"Ni maneno tu, mama."

"Maneno yamefika kwa shangazi yako Pongwe. Mie sina ugomvi na mtu, ila mwizi haingii kwangu. Posa naitengua."

Mselem akautazama mche. Njia nyepesi hiyo hapo, imefunguliwa na mama mzazi. Aseme tu sawa, na yeye abaki msafi kama alivyoandikiwa. Na kwa pumzi moja aliitaka kweli, na hapo ndipo alipojiogopa.

"Mama, mwizi ni mimi."

Kwenye simu akasikia kuku wa Tanga.

"Umeiba nini?"

"Mche wa stroberi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Tunda, mama. Nilitaka kumpa yeye."

"Na mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Kwa hiyo mtoto wa mwenzangu kabeba jina lako, na wewe unakula unalala." Mama akashusha pumzi. "Kata simu. Usinipigie mpaka yeye awe amesikia kwa mdomo wako."

Alimkuta Mayasa anapanga mikate kwenye spaza ya dada yake. Akamwambia yote, wima, bila kupamba. Zubeda akatoka nje kimyakimya, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu azaliwe.

Mayasa alimaliza rafu nzima ndipo akageuka.

"Ulinipekua."

"Maya..."

"Ulitia mkono kwenye mkoba wangu. Ukatoa kanga yangu ukaikung'uta mbele za watu. Ulikuwa unatafuta nini, Mselem? Ulikuwa unajua kilipo."

"Niliogopa."

"Na mimi nilikuangalia. Nilidhani utasema huyu namjua, hawezi kuiba." Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata. "Zawadi yako siitaki. Nataka jina langu. Kesho, saa ya kutoka, foleni ikiwa imejaa."

Kesho yake foleni ikajaa. Mayasa alisimama nje ya uzio wa waya. Mselem akamuita Madame Héritière, akavua kofia ya kazi, akafungua begi lake mwenyewe mbele ya wote na kutoa kopo la yogati.

"Ni mimi niliyekata. Mayasa hakujua."

Kuna aliyeguna "eish" huko nyuma. Héritière akavua miwani.

"Papa Mselem. Miye nilifukuza mutoto wa watu, na weye ukamufungulia geti?"

"Ndiyo, Madame."

Mche ukaingia motoni palepale. Kazi yake ikaishia palepale. Héritière akatoka nje ya geti, akamshika Mayasa mikono yote miwili, na mbele ya foleni ileile akamwomba msamaha, kisha akamwambia laini yake inamsubiri.

Mselem sasa anapakua viazi sokoni. Kila jioni anakuja kusimama ng'ambo ya barabara, mkabala na geti. Mayasa anatoka, anampita, habari ya jioni, njema, basi. Wenzake wakaanza kumcheka Mselem kwamba amekuwa mlinzi wa nje bila mshahara. Kesho yake akaja tena.

Jioni moja Mayasa akavuka barabara.

"Mama yako kanipigia."

"Kasemaje?"

"Kaniomba radhi. Kisha akaniuliza kama bado nakutaka."

"Ukamjibuje?"

Mayasa akamwangalia kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Nimemwambia mwanao kakonda."

"Hilo si jibu, Maya."

"Ndilo nililonalo. Twende ukale. Hayo mengine tutaongea ukishashiba, na nitaongea mimi."