Pingamizi la Yunis

Siku ya Saba Saba, uwanja wa Tangamano mjini Tanga ulijaa watu hadi pa kuweka mguu pakakosekana. Huku ngoma, kule mishikaki inatoa moshi, watoto wamepanda kuta. Juu ya kelele zote ilipaa sauti moja ya kiume, nzito na tamu, kutoka kwenye gari la matangazo.

"Mabibi na mabwana! Saa nane mpira! Saa kumi mbio za baiskeli! Usiku sinema ya bure hapahapa, njoo na mkeka wako! Na sasa, kutoka milimani, kwaya ya wasichana wa Lushoto! Onga mshi, watu wa Lushoto!"

Wanakwaya walicheka kusikia wakiamkiwa Kishambaa huko mjini. Yunis hakucheka. Alitoka kwenye mstari na sketi yake nyeusi na blauzi nyeupe iliyotiwa wanga, akagonga dirisha la gari.

"Kaka, rekebisha. Sisi si wasichana. Mimi ni mjane, na yule pale wa mwisho ana wajukuu."

Yonathani, kijana wa Zirai, milimani Usambara, aliyekuja mjini kutafuta kazi akapata ya kutangaza, alishusha kipaza sauti. Alikuwa na suruali ya tetroni iliyonyooka kama rula.

"Samahani, dada. Sasa niseme kwaya ya wajane na mabibi? Watu si watakimbia?"

"Sema kwaya ya Lushoto. Inatosha."

"Na wewe nikutangaze nani?"

"Mimi sitangazwi," Yunis akasema, akarudi mstarini.

Lakini walipomaliza kuimba, Yunis alimkuta Yonathani anamsubiri na barafu ya ubuyu mkononi. Akaila, meno yakamuuma, akacheka. Tangu amzike mumewe hakuwa amecheka hivyo. Jioni walitazama sinema kwenye mkeka mmoja, wanakwaya wamewazunguka kama askari. Kabla ya kuagana Yonathani aliomba kitu kimoja tu: siku za gulio, Yunis apitie posta ya Lushoto, yeye atapiga simu.

Akapiga kweli. Kila Alhamisi karani Athumani alikuwa akipaza sauti, "Yunis! Tanga hiyo!" na foleni nzima inanyamaza ili isikie vizuri.

"Haloo! Umekula nini, mpenzi?"

"Ugali na majani ya maboga. Na usiniite mpenzi, foleni inasikia."

"Basi wasalimie foleni."

"Wanakusalimia. Kuna mmoja hapa anauliza kama una kaka."

"Mwambie ninaye, lakini ana sura mbaya. Yunis, sikiliza. Jumapili hii napanda huko. Nataka nikusikie ukiimba kanisani kwenu, kisha nikaongee na wazee."

Yunis alikaza mkono kwenye simu. "Una hakika?"

"Suruali nimeshapiga pasi."

Aliondoka posta akiwa mwepesi, kikapu cha peasi hakikumlemea tena. Hakujua kuwa habari ilimtangulia kupanda mlima. Jioni ile ile shemeji yake Tobia alikuwa nayo.

Kwa desturi yao, mume akifa, mdogo wake ndiye anayemchukua mjane, na ukoo ndio unaomsemea. Tobia alikuwa akingoja Yunis avue nguo nyeusi. Sasa hakungoja. Alikwenda kwa mzee wa kanisa akataja majina mawili yatangazwe ndoa, na mzee hakuona sababu ya kumuuliza mwanamke.

Jumapili, baada ya mahubiri, Yunis akiwa kwenye viti vya kwaya akiwaza atamtambuaje mtu katika umati ule wa makoti, mzee wa kanisa alisimama na matangazo.

"Tunatangaza ndoa, kwa mara ya kwanza, kati ya ndugu yetu Tobia na dada yetu Yunis. Mwenye pingamizi aseme."

Yunis aliomba kwa maneno machache, kama alivyozoea akiwa shambani: Bwana, nishike magoti. Magoti yakashikika. Akasimama.

"Mimi ninalo."

Kanisa likageuka. Mzee wa kanisa akakohoa. "Wewe ndiye bibi harusi, mama. Pingamizi hutoka kwa mtu mwingine."

"Nimemngoja huyo mtu mwingine, hakusimama. Mbele za Mungu sijasema ndiyo, na mbele za Mungu nasema hapana."

"Keti!" Tobia alifoka. "Wanawake wa ukoo huu hawasimami!"

"Nimeshasimama, shemeji."

Mchungaji akasema tangazo lile halipo tena. Kwaya ikaimba, na Yunis akaimba nayo.

Lakini nje hakumwona Yonathani. Alhamisi Athumani hakumwita. Alhamisi iliyofuata pia kimya.

Mama mkwe wake, Mama Efrazia, ndiye aliyemwambia, wakiwa wanapukuchua maharage.

"Alikuja mwanamume mmoja. Alikaa nyuma, karibu na mimi, suruali imenyooka. Jina lako liliposomwa alitoka. Hakusikia yaliyofuata."

Yunis akaacha maharage. "Mbona hukuniambia, Mama?"

"Tobia ni mwanangu." Mama Efrazia alipukuchua ganda jingine. "Baba mkwe wako alipokufa, nilirithiwa na mdogo wake. Sikuulizwa. Nimelala na jambo hilo miaka yote. Nenda, mwanangu. Kuku nitawafunga mimi."

Yunis alivua nguo nyeusi, akavaa gauni la maua ya njano lililokaa sandukuni tangu msiba. Aliteremka Mombo, akapanda gari moshi, akafika Tanga jua likiwa kali. Hakuuliza njia. Alitembea mitaa ya Ngamiani akisikiliza, mpaka akaisikia ile sauti. Ilikuwa imepoa kama chai ya jana.

"Leo usiku dansi. Kesho mpira. Watu wote mnakaribishwa."

Akasimama katikati ya barabara. Gari likafunga breki, vumbi likawafunika.

"Toka njiani, mke wa watu," Yonathani alisema.

"Ulisikia nini kanisani?"

"Nilisikia jina lako na la mwanamume."

"Ulisikia nusu, ukakimbia! Tangazo likauliza mwenye pingamizi, wewe miguu hiyooo! Mimi ndiye niliyesimama. Peke yangu, mbele ya ukoo mzima."

Yonathani alifungua mdomo, sauti yake yote ya uwanjani ikampotea. "Ulijipinga mwenyewe?"

"Sogea."

Alipanda garini, akachukua kipaza sauti, akakipuliza kama alivyomwona akifanya. Madirisha yakafunguka.

"Mabibi na mabwana wa Ngamiani! Onga mshi! Natangaza ndoa, kwa mara ya kwanza, kati ya Yunis wa Lushoto, ambaye ni mimi, na huyu Yonathani wenu, kama ana moyo. Mwenye pingamizi aseme!"

"Mimi ninalo!" mama mmoja akapiga kelele kutoka barazani. "Mmemwamsha mtoto!"

Watu wakaangua kicheko. Yunis hakucheka. Alimsogezea Yonathani kipaza sauti mdomoni.

"Na wewe?"

"Sina pingamizi," alisema, na mtaa mzima ukasikia sauti yake ikirudi. "Sina hata kidogo, mpenzi."

Vigelegele vikapanda. Alinyoosha mkono ili azime kipaza sauti. Yunis akauzuia.

"Endesha," alisema. "Mtaa wa pili hawajasikia."