Mposaji Aliyewahi Kahawa

Lifti ya jengo la maduka jijini Kairo ilikwama saa sita mchana, na Rahaf akiwa ndani na sinia la baklawa, vitamu vya asali na lozi, za duka la baba yake. Fundi alipofungua mlango, alimkuta dada wa Kisiria mwenye ushungi wa zambarau, anatafuna.

"Mngechelewa kidogo ningezimaliza," akamwambia.

"Mimi hujanibakizia?" fundi akauliza. Jina lake Mutaz.

Akampa mbili, na mapenzi yakaanza hapo hapo.

Miezi saba baadaye Mutaz alikuja na baba yake kuposa, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Rahaf akaleta kahawa. Mutaz, koo limemkauka kwa woga, akaigugumia yote kabla mzee wake hajafungua mdomo.

Balaa. Kwa watu wa Homs, mji wa kwao Rahaf kule Siria, mposaji haigusi kahawa mpaka akubaliwe. Akiinywa, amekuja kutembea tu. Abu Yazan, baba wa Rahaf, akaona binti yake amefanyiwa mzaha. Kila baba yake Mutaz alipotaka kutamka posa, yeye akaleta habari za mpira, mpaka wageni wakaaga.

Simu ya Mutaz ikalia wangali kwenye ngazi. Ni Rahaf.

"Mutaz, kwa nini umekunywa?"

"Habibti, kwetu Misri ukipewa kahawa unakunywa. Si ungenidokeza?"

"Nimekukonyeza mpaka jicho linauma."

"Nikadhani umenimisi."

Rahaf akacheka huku analia. "Baba anasema Jumamosi anamkubalia binamu yangu aliyeniposa. Fanya kitu."

Ijumaa Mutaz na baba yake wakarudi. Kahawa ikaletwa, Mutaz akaiangalia tu mpaka ikapoa.

"Kunywa, mwanangu," Abu Yazan akasema, uso mkavu.

"Sinywi, ami, mpaka unipe Rahaf."

"Nisipokupa?"

"Nitakaa hapa hapa. Mama ataniletea mto."

Abu Yazan akakitazama kile kikombe kilichopoa. Miaka kumi na miwili ya ugenini, tangu akimbie vita, watu walikuwa wakimwomba vitambulisho na stakabadhi. Leo kijana wa watu amemwomba kwa heshima ya kwao, kama vile bado yuko Homs na nyumba yake imesimama. Mzee akajifuta machozi bila kujificha.

"Nimekupa," akasema. "Kunywa."

"Nikuletee ya moto?" Rahaf akauliza toka mlangoni.

"Thubutu," Mutaz akasema. "Baba yako asije akabadili mawazo."

Akainywa baridi hivyo hivyo, na Rahaf, bila kumngoja mama yake, akajipigia vigelegele mwenyewe.