Namba Moja ya Kemigisha

Laurensia hakuweza kumenya ndizi kimya. Asubuhi hiyo alikuwa na habari moja tu, na ilikuwa ya mkwe wake. Jirani yake Benadeta alikwisha kuisikia mara nyingi, lakini aliketi, akachukua kisu na kusaidia kumenya.

"Mjukuu wa Rwegoshora, yule aliyekuwa hasimami," alisema Laurensia, "Kemigisha amemfanyisha mazoezi mpaka sasa anafukuza kuku."

"Ulishaniambia, Mama Deo."

"Nakuambia tena."

Alikuwa na haki ya kujivuna. Kemigisha alizaliwa Mbarara, Uganda. Alikuja Karagwe kwa mkataba wa kazi, kuwafanyisha mazoezi ya viungo watoto wenye ulemavu. Alikuwa na kibali cha kuishi nchini kwa ajili ya kazi hiyo, na kitambulisho cha mgeni mkaazi chenye namba yake. Hapa Kituntu akakutana na Deodatus, mtoto wa Laurensia, mkulima wa kahawa asiye na maneno mengi. Wakafunga ndoa kanisani. Wala watu hawakumwona mgeni. Kinyankole cha kwao na Kinyambo cha hapa vinasikilizana, na ndizi alizipika kama mtu aliyekulia kibanjani, shambani mwa migomba.

Siku ya harusi, kwa desturi ya huku, Laurensia alimpakata bibi harusi mbele ya watu wote. Anayepakatwa na mama mkwe amekuwa mtoto wa nyumba hiyo. Laurensia aliichukua desturi hiyo kwa moyo wote, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Baada ya harusi, watu wa vitambulisho walikuja kuandikisha wananchi. Laurensia akamshika Kemigisha mkono, wakaenda.

"Umeolewa, una jina la nyumba yetu," alimwambia njiani. "Lazima upate na namba yetu."

Karani aliuliza mwombaji alizaliwa wapi. Kabla Kemigisha hajafungua mdomo, Laurensia alijibu, "Kituntu." Karani akauliza jina la mama. "Laurensia. Ndiye mimi."

Kemigisha alimtazama. Lakini bibi harusi mpya hambishii mama mkwe mbele za watu. Alinyamaza, akaweka vidole kwenye mashine. Baadaye namba ya pili ikaja kwenye simu, na Laurensia akaifurahia kuliko mwenyewe.

Mkataba wa kazi ulipokaribia kuisha, Deodatus alianza kumwombea mkewe kibali kingine, cha kuishi nchini kama mke wa Mtanzania. Kwenye maombi aliandika ile namba mpya, maana ndiyo iliyokuwa na jina la ndoa. Jibu la Uhamiaji lilipokuja, halikuwa zuri. Namba aliyoandika ni ya raia aliyezaliwa Karagwe. Faili la kibali cha kazi lina namba nyingine, ya mtu wa Uganda. Alama za vidole ni za mtu mmoja. Maombi yamesimamishwa mpaka mwombaji afike ofisini kujieleza.

Kemigisha alisoma, akaketi taratibu. Alikuwa mjamzito.

"Kibali cha kazi kikiisha kabla jambo hili halijanyooka, itabidi niondoke nchini," alisema.

Laurensia hakula siku hiyo. Alikuwa amemtafutia mkwe wake mizizi, na sasa alikuwa karibu kumng'oa kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni Deodatus alirudi na ushauri aliopewa na rafiki. "Anasema tuifiche pasipoti ya Uganda. Utumie namba ya raia, mambo yaishe."

"Hapana," alisema Kemigisha. "Nikiishi kwa uongo, nitaogopa kila atakayepiga hodi. Na mtoto wetu je? Mimi nimeolewa, Deo. Sikuja kujificha."

Hakupaza sauti. Deodatus aliinamisha kichwa, na Laurensia akampenda mkwe wake kuliko alivyompenda siku ya harusi.

Kesho yake Laurensia na Kemigisha walipanda bodaboda mpaka mjini Kayanga, kwa Kauthar. Kauthar ana duka la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Wenye shida za vibali hupita kwake kila siku, naye huuliza, husikiliza na hukumbuka.

"Shikamoo, mama. Kaeni," alisema. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Dada Kemigisha, ile namba ya kwanza bado unayo?"

"Ninayo. Kadi hii hapa."

"Basi hiyo ndiyo yako. Mtu mmoja, namba moja. Ukibadilisha kazi, namba haibadiliki. Ukiolewa, haibadiliki. Kinachobadilika ni taarifa zako, na unaomba zirekebishwe. Huandikishwi upya."

"Lakini ameolewa na Mtanzania," alisema Laurensia. "Si amekuwa raia?"

"Hapana, mama. Ndoa inampa sababu ya kuomba kuishi hapa. Uraia unaombwa peke yake, kwa utaratibu wake. Na kibali cha mke si ruhusa ya kazi. Akitaka kurudi kazini, aulize kwanza."

"Nilimpakata, Kauthar. Watu wote waliona."

Kauthar alitabasamu. "Na mapaja yako yanaheshimiwa, mama. Ila pale ofisini wanauliza tumbo lililomzaa."

Laurensia alicheka bila kutaka. Kauthar akawaambia wachukue pasipoti, kadi ya zamani, kibali cha kazi na cheti cha ndoa, waende leo leo, wasisubiri kibali kiishe. "Semeni ukweli wote. Msimlipe mtu wa pembeni awasemee."

Ofisini, ofisa alifungua faili akatazama nyuso zao. "Nani alisema huyu amezaliwa Kituntu?"

"Nilikuwepo, na nilinyamaza," alisema Kemigisha. "Kosa ni langu pia."

Laurensia alisimama. Kukana kwamba Kemigisha ni mwanawe kulimuuma hasa, na hakuona aibu kulia.

"Ni mimi, baba. Aliyemzaa anaitwa Edith, yuko Mbarara. Mimi nimemzaa mume wake."

Ofisa alimpa nafasi ajifute machozi. "Wengi huletwa hapa wakiwa wamekamatwa," alisema. "Ninyi mmekuja wenyewe. Hilo nitaliandika."

Waliandika maelezo, wakaweka saini. Waliitwa tena, wakaenda. Mwishowe namba ya pili ikafutwa. Ile ya kwanza ikabaki, ikawekwa jina la ndoa. Deodatus akaomba upya kwa namba hiyo, na kibali kipya kikatoka siku chache kabla kile cha kazi hakijaisha. Sababu ya ukaazi iliandikwa wazi: mke. Kemigisha alikisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akaenda kulala mchana kutwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aje Kituntu. Laurensia aliwafukuza kuku wasimwamshe.

Tangu hapo Laurensia ana habari mpya ya kusimulia, na haoni haya kusema kosa lilikuwa la nani. Juzi Benadeta alimfuata kibanjani. Kijana wake wa Kyerwa ameoa msichana kutoka ng'ambo ya mto Kagera, nje ya nchi, mwalimu mwenye kibali cha kazi.

"Nataka twende naye ofisini, Mama Deo. Wewe unajua kuongea. Utamsemea."

"Ana namba?" aliuliza Laurensia.

"Anayo."

"Basi asiandikishwe tena. Nitawasindikiza mpaka mlangoni," alisema Laurensia. "Ndani ataulizwa yeye, na atajibu yeye."