Chupa Namba Tano

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi mbili: kuchota ndoo mbili za maji kwenye kisima cha bondeni, kisha kuosha vyombo. Maji hayakunisumbua. Vyombo ndivyo vilivyonichosha, maana Mama alikuwa na sheria yake: chombo kisichopakwa sabuni hakijaoshwa. Ukikiosha kwa maji matupu atakinusa, atakutazama, kisha atakirudisha kwenye karai bila kusema neno. Nyumbani waliniita Kasuku kwa sababu siachi kuongea, lakini mbele ya karai la Mama hata mimi nilinyamaza.

Jumamosi moja mwalimu wa sayansi alituita shuleni wanafunzi sita. Alikuwa na mgeni, mama mmoja mtaalamu wa maabara, mwenye miwani mikubwa na begi zito begani. Alikuja kwa sababu ya karakana ya kutia rangi vitambaa iliyokuwa juu ya mtaa wetu. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba maji yake machafu yanapenya ardhini mpaka kwenye visima vyetu.

"Lakini maji ni meupe," nilisema. "Mimi nayachota kila siku."

"Meupe kwa macho yako, mwanangu. Rangi ikiwa kidogo huioni, wala ulimi hauitambui."

Akatoa kichupa chenye maji kama chai hafifu. Alituambia ameyatengeneza kwa magunzi ya mahindi, haya haya tunayotupa jalalani. Aliyachoma, akayapika kwenye chungu cha chuma kilichofungwa kabisa, kisha akachuja. Ndani mlibaki chembe za kaboni, ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya shule haiwezi kuzionyesha. Akawasha taa ndogo ya zambarau, kama ile ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Maji yale yakawaka samawati, na sote tukasogea karibu.

"Nikitia matone haya kwenye maji safi, yanawaka hivi," alisema. "Kwenye maji yenye rangi za vitambaa, mwanga unafifia. Rangi ikizidi, mwanga unakufa."

"Kumbe magunzi yana akili kutuzidi," alinong'ona rafiki yangu Kijiko, tukacheka.

Kila mmoja alipewa chupa moja na kisima kimoja. Mimi nilipata namba tano, kisima chetu cha bondeni. "Isuuzeni mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe," mtaalamu alisema. "Sabuni ni mwiko. Umesikia, wewe mwenye maneno?"

"Nimesikia, mama."

Na kweli nilisikia. Ila njiani nilishindana mbio na Kijiko, chupa ikaniponyoka, ikatua mdomo chini kwenye mavi ya mbuzi. Kijiko alikuwa ameshakata kona, hakuona. Ningerudi kuomba nyingine, lakini niliona haya. Kijiko angenicheka mwaka mzima. Nikapitia nyumbani. Mama alikuwa anafua uani, nikachovya chupa kwenye povu lake la sabuni ya unga, nikaisugua kwa kidole, nikaisuuza mara moja tu, nikakimbilia kisimani. Niliona nimefanya jambo la maana. Ilitakata mpaka ikang'aa.

Tulipimia katika stoo ya shule, madirisha yamezibwa kwa magunia ili kuwe na giza. Kabla ya kuanza, mtaalamu aliuliza kama kuna aliyetumia sabuni. Wenzangu wakatikisa vichwa. Nami nikatikisa changu, tena kwa nguvu kuliko wote.

Akamimina maji kidogo ya kila chupa kwenye glasi yake, akatia matone. Chupa ya kwanza na ya pili zilififia kidogo. Ya tatu ikawa giza, mwalimu akaguna. Ya nne ilikuwa nusu kwa nusu, na ya sita vile vile. Ya tano iliwaka samawati kali, ikashinda zote.

"Haya ni majibu ya mwanzo," alisema mtaalamu. "Nitarudi baada ya wiki mbili kupima tena. Kwa sasa, afadhali watu wachote maji ya kunywa namba tano."

Mwenyekiti wa mtaa hakuhitaji zaidi. Jioni ile alizunguka na kipaza sauti: kisima cha bondeni ndicho salama. Kesho yake nilikuta foleni imefika barabarani.

Mwanzoni nilijitia hamnazo. Nilijiambia labda maji ni safi kweli, sabuni kidogo ina dhambi gani? Siku ya tatu nikamuuliza mwalimu, kana kwamba ni swali la kawaida, kwa nini sabuni ilikatazwa. Akaniambia sabuni nyingi za unga hutiwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na dawa hiyo nayo huwaka samawati chini ya taa ile. "Ikibaki kwenye chupa," alisema, "maji mabaya yanaweza kuonekana mazuri." Kisha akanisifu kwa kuuliza swali zuri.

Tangu siku hiyo sikuwa na la kufanya ila kutazama. Dada yangu mkubwa, ambaye mume wake alikuwa mbali kikazi, alikuwa amerudi nyumbani na mwanawe wa mwaka mmoja. Kila asubuhi alimpikia uji kwa maji niliyoyachota mimi. Mtoto alifungua mdomo, uji ukaingia, akacheka na kufungua tena. Siku moja nilijifanya nimejikwaa nikamwaga ndoo nzima mlangoni. Dada alinigombeza, kisha akaenda kuchota mwenyewe. Nikaanza kubeba maji ya bomba la shule, ambayo hayatoki visimani kwetu, kwenye chupa yangu. Nilipomwambia ampikie mtoto kwa hayo, alinishangaa. "Unatembea nusu saa kuleta maji, na kisima bora mtaani kiko mlangoni? Kasuku, una nini wewe?"

Ningesema nini? Wachache ningeweza kuwazuia kwa hila, lakini mtaa mzima? Kila nilipopiga moyo konde, mtu alitokea kunishukuru. "Huyu ndiye aliyetuletea habari njema," walisema, na kunipisha mbele ya foleni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya kumi na moja nilimkuta kisimani mama mzazi wa fundi viatu wa mtaani kwetu, bibi mzee anayetembelea fimbo. Alikuwa na pipa lake la maji ya mvua, na miaka yote hakunywa maji mengine. Nilimuuliza kwa nini amejisumbua kushuka huku chini.

"Nimesikia haya yamepimwa, mjukuu wangu," alisema. "Yangu hayajapimwa na mtu. Nitilie nami kwenye kidumu."

Nilimjazia. Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyomjazia. Kisha nikakimbia nyumbani, nikamkuta Mama uani, nikamwambia yote nikilia mpaka makamasi.

Mama hakunipiga. Alifuta mikono kwenye kanga, nami ningependelea kofi. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema mwishowe. "Na haya si maradhi yako peke yako. Twende kwa mwalimu."

Mtaalamu aliitwa kwa simu, akafika saa sita mchana. Chupa ile bado ilikuwa na maji aliyoyabakiza, hayajatiwa tone. Aliyamulika yalivyo. Yakawaka samawati.

"Ni sabuni," alisema. Akavua miwani. "Nami nina kosa langu. Nilipaswa kuyamulika hivi kabla ya kutia matone. Sikufanya."

Akateremka kisimani mwenyewe, akajaza chupa mpya. Safari hii alimulika kwanza, hakukuwa na kitu. Akatia matone, akamulika tena. Ilikuwa giza kuliko hata ile ya tatu.

Mwenyekiti alifunga kisima kwa mbao, na mimi nikasimamishwa mbele ya foleni niseme kwa mdomo wangu. Nilisema. Hakuna aliyenizomea. Fundi viatu ndiye aliyeuliza, "Siku kumi na moja tumekunywa. Yaliyokwishaingia tumboni tuyafanyeje?"

Watu wote walimtazama mtaalamu. "Ningekuwa najua ningekwambia, kaka," alisema. "Nendeni zahanati mkaangaliwe, wazee na watoto kwanza. Zaidi ya hapo sijui."

Maji yakimwagika hayazoleki, nami sasa niliona hata yaliyonywewa hayazoleki. Karakana ilisimamishwa mpaka ichimbe mashimo ya kusafishia maji yake, na bomba la shule likafunguliwa kwa mtaa mzima. Ni mbali, na bibi yule mzee amerudia pipa lake. Zahanati hawakuona tatizo kwa yeyote, ila walisema watu warudi tena baada ya miezi mitatu.

Kabla ya kuondoka siku ile, mtaalamu alinifungulia begi lake. Ndani mlikuwa na chupa tupu sita, safi, bado ziko kwenye nailoni. "Hizi zilikuwa begani kwangu Jumamosi ile," alisema. "Nabeba za akiba kila siku, kwa sababu chupa huanguka. Hata zangu huanguka. Ungeniambia neno moja, ningekupa nyingine, tukaendelea. Kosa la kuangusha halikumdhuru mtu, mwanangu. Kunyamaza ndiko kulikonywewa na mtaa mzima."

Niliporudi nyumbani jioni Dada alikuwa ametoka zahanati, amempakata mtoto. Hakuinua uso.

"Siku zote hizo," aliuliza, "ulikuwa unaniangalia nikimlisha?"

"Ndiyo, Dada."

Mtoto alininyooshea mikono, nami nikaogopa kumpokea.

"Ukikosea tena, niambie siku hiyo hiyo," alisema. "Nitakasirika, nitapiga kelele, na zitaisha. Hasira zangu zina mwisho. Miezi mitatu ya kusubiri, hiyo sijui nitaimalizaje."

Kisha akanipa mtoto nimshike, akatoka na ndoo kuelekea shuleni.