Mtoto Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi ya kiangazi Nandin aliwashika watoto wa farasi wakati mama yake, Tungalag, akiwakamua majike. Zamani mama alikuwa akiimba akikamua. Sasa alikamua kimya, akajaza ndoo, akarudi hemani. Alikuwa hivyo tangu Khunbish afariki.

Khunbish alikuwa mdogo wake Nandin. Jina hilo maana yake ni "Si Mtu", na alipewa na bibi Dolgor, mama yake baba. Bibi alikuwa amezika watoto wake wawili, akaapa hatazika mjukuu. Kifo kikija kuuliza, alisema, kisikie kwamba huyu si mtu, kipite zake. Hakikupita. Majira ya baridi ya mwaka jana, siku za mwaka mpya, wageni walipokwenda hema kwa hema wakisalimiana shavu kwa shavu, mmoja wao alileta surua. Mtoto alitokwa na vipele, kisha kichomi kikambana. Baba alimfunika kwa joho lake, wakaondoka kwa gari la jirani, lakini theluji ilikuwa nyingi na hospitali iko mbali. Walirudi na mtoto ameshakata roho.

Sasa alikuwepo Enebish, mdogo wao wa miezi tisa. Huyu naye alipewa jina na bibi, maana yake "Siye Huyu".

"Wenyewe, shikeni mbwa!" sauti iliita nje, kama wageni wa huko wanavyobisha hodi. Alikuwa tabibu Densmaa, na pikipiki yake yenye kisanduku cha baridi cha dawa nyuma.

"Mifugo imenona?" alisalimia akiingia.

"Imenona, dada. Karibu chai," mama akajibu, akampa bakuli kwa mikono miwili.

Densmaa alikunywa, akasema, "Nimemfuata Enebish. Zamu yake ya chanjo ya surua imefika."

"Chai kunywa, dada, lakini sindano yako rudi nayo," mama alisema. "Khunbish alichanjwa, na nikamzika. Huyu aliyebaki unataka kumfanyia nini?"

Densmaa aliweka bakuli chini kwa mshangao. Bibi Dolgor aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nandin alikumbuka siku ile, yeye akiwa na miaka kumi, mama akiwa malishoni na farasi. Densmaa alikuja kumuulizia Khunbish, na bibi akajibu bila kupepesa jicho, "Yuko kwa wajomba zake, ameshachanjwa huko." Khunbish alikuwa amelala nyuma ya pazia la kitanda. Mama aliporudi, bibi alimwambia, "Tabibu kapita. Kamchoma, wala hakulia." Kisha akamwonya Nandin afunge mdomo. Naye akaufunga, miaka miwili mizima.

"Mama," Nandin alisema, "Khunbish hakuchanjwa."

"Watoto hawaingilii mazungumzo ya wakubwa," bibi alimkatiza.

"Hakuchanjwa, mama. Alifichwa. Mimi nilikuwapo."

Mama alimgeukia bibi. Bibi hakuinua uso.

"Usimgombeze mtoto," alisema hatimaye. "Ni mimi. Mtoto wa jirani alichomwa akashinda na homa siku mbili, nikaogopa. Nikasema wangu nitamficha. Kumbe nilimficha asipate dawa, surua ikamwona." Akalia, mzee wa watu, na joho lake likalowa kifuani.

Usimwone mbaya bibi huyu, msomaji. Alipenda kupita kiasi, ila hakumuuliza anayejua.

Mama alilia pia, kisha akafuta macho. "Dada Densmaa, nieleze. Hiyo homa ni kweli?"

"Ni kweli. Wengine hupata homa au vipele vichache baada ya wiki moja hivi, vikaisha vyenyewe. Mara chache sana mwili wa mtoto huikataa dawa pale pale. Ndiyo maana nikichoma siondoki, nitakaa ninywe chai yenu nusu saa nikimtazama. Na surua yenyewe umeiona."

"Nimeiona," mama alisema polepole. Akamfunua Enebish paja. "Mchome."

Enebish alilia kidogo, akanyonya, akalala. Wakubwa ndio walioendelea kulia.

Nandin alisogea karibu na mama. "Ungejua siku ile, ungefanyaje?"

"Ningeuliza haya niliyouliza leo," mama alisema. "Na huenda leo wadogo zako wawili wangekuwa wamelala hapa." Akamkumbatia. "Ulikuwa mdogo, mwanangu, sikulaumu. Lakini shika neno hili: mzazi akidanganywa huchagua gizani, hata awe na mapenzi kiasi gani. Ukijua jambo linalogusa uhai wa mtu, liseme mapema. Leo umemsemea Enebish. Khunbish hakuwa na wa kumsemea."