Salamu ya Nizigiyimana

Asubuhi za Akimana zilifanana kama punje za maharage. Anaamka, anabeba ndoo, anakwenda bombani, anarudi, anafagia uwanja, anakunywa uji, anavaa sare, anakwenda shule. Zamani kazi hizo zilimkera, na ulimi wa kulalamika alikuwa nao. Siku hizi hazikumkera wala kumfurahisha. Hata maji ya Kibondo, yale ambayo wakati wa kipupwe humfanya mtu mzima apige kelele, aliyanawa kimya kimya kana kwamba uso ni wa mtu mwingine.

Alikuwa hivyo tangu Bibi alipofariki, wakati watu wakipanda mahindi. Msibani walilia wote, yeye hakulia. Shangazi zake walimtazama kwa pembe ya jicho, wakanong'ona kwamba mtoto huyu ana roho ngumu. Roho ngumu wapi! Moyo ulikuwa umekufa ganzi tu, na hakuna aliyemwambia kwamba ganzi nayo ni namna ya msiba.

Mama yake naye hakumtaja Bibi tena. Alisema nyumba itakaa kimya mpaka siku ya kuganduka, yaani siku ambayo ndugu watakusanyika, wale, wanywe na kuyamaliza matanga. Basi mama na mtoto walikula ugali wao wakizungumza juu ya mvua na mihogo. Kiti cha Bibi kilikuwa pale pale karibu na mlango, na wote wawili walikipita bila kukigusa.

Shuleni, Mwalimu Careen alikuwa akifundisha Kiswahili. Alihamishiwa Kibondo kutoka Tanga, na mpaka leo alikuwa hajapatana na baridi. Alivaa sweta hata jua likiwa utosini, wanafunzi wakamcheka kwa mapenzi. Wiki hiyo alifundisha habari za wanawake waliotunga na kuandika.

"Mtu wa kale zaidi tunayemjua kwa jina kuwa alitunga mashairi alikuwa mwanamke," alisema. "Aliishi miaka zaidi ya elfu nne iliyopita, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Kazi zake ziliandikwa kwenye vibao vya udongo. Huko Japani, mwanamke wa ikulu aliandika hadithi ndefu ajabu, miaka elfu moja sasa. Pwani yetu hapa, wanawake walitunga tenzi na kuziandika kwa herufi za Kiarabu kabla babu zenu hawajazaliwa. Ulaya, wengine walijipa majina ya wanaume ili vitabu vyao visomwe."

Ildefonce, ambaye mkono wake haukukaa chini hata kidogo, akauinua. "Mwalimu, na huku kwetu je? Wanawake wa huku wameandika nini?"

"Swali zuri. Mkalitafutie jibu," Mwalimu Careen alijibu. Kisha akatangaza habari iliyolichangamsha darasa zima. Shule za Kibondo na Kasulu zingekutana Kasulu kwa shindano la utunzi, na kazi bora zingechapishwa katika kitabu kitakachowekwa katika maktaba za shule zote. "Sharti ni moja," akamaliza. "Kazi iwe ya kwako mwenyewe."

Akimana hakuchangamka. Lakini alipofika nyumbani alijikuta anaisikia kichwani sauti ya Bibi.

Bibi alikuwa na akazehe yake. Akazehe ni salamu ya kuimba, ambayo wanawake wa kwao Burundi waliimbiana walipotembeleana. Hawakusema habari gani na kupita. Mmoja aliimba, mwenzake akaitikia, na aliyeimba angeweza kueleza maisha yake yote pale mlangoni, chakula kikipoa. Bibi aliitunga ya kwake baada ya kuvuka mpaka na kuanza kulima kijijini Mabamba, akiwa mke kijana. Ilikuwa ndefu. Katikati yake alijitaja kwa jina, na mwitikiaji alipaswa kulirudia jina hilo, maana yake nimekupokea, ingia. Baadaye, walipohamia karibu na mji, mwitikiaji wake alikuwa Akimana. Alianza kuitikia kabla meno yake ya mbele hayajang'oka.

Alichukua kalamu akaanza kuigeuza kwa Kiswahili.

*Amani kwako uliyenifungulia,*
*nimekuja kwa miguu, sikubebwa.*
*Nilitoka na mbegu za maharage pindoni mwa kitenge.*
*Mbegu ziliota, mtoto wangu mmoja hakuota.*

Iliandikika vizuri, maana alihangaikia kila neno. Akafika kwenye mstari usemao, *Ni mimi Nizigiyimana, mlima wa kwetu unanijua.* Hapo kalamu ikasimama.

Alijiuliza kidogo, akajijibu haraka. Bibi hakujua kushika kalamu. Mwandishi ni yule anayeandika, na anayeandika hapa ni nani? Tena salamu hii amekuwa akiiimba tangu utoto, kila neno liko kinywani mwake. Akaandika, *Ni mimi Akimana.* Jina la Bibi lilikuwa refu, lake lilikuwa fupi, na mstari ukachechemea. Akauacha uchecheme. Hakuona aibu wala furaha, na hilo ndilo lililopaswa kumtisha.

Mwalimu Careen aliisoma kazi ile akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. "Akimana, umetunga wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya ya kuzika mtoto umeyatoa wapi?"

"Nimejifanya mwanamke mzima, Mwalimu." Uongo wa pili haukuhitaji hata kusukumwa. Ulitoka wenyewe.

Mwalimu alifurahi mno, akamwambia kwamba Kasulu atausimamisha ukumbi, na kwamba asiisome tu, aiimbe. Walipokuwa wakirudi nyumbani, Ildefonce alimfuata nyuma akipiga jiwe kwa kiatu.

"Ile si ya bibi yako?" aliuliza. "Mbona nilikuwa naisikia nikipita kwenu?"

"Bibi hakuandika. Nimeandika mimi."

"Sawa. Lakini kitabu kikitoka kina jina lako, yeye ndiyo basi tena. Nani atajua kwamba aliwahi kutunga kitu?"

"Hakuna," Akimana alisema. Alisikia sauti yake ikilitamka neno hilo kwa wepesi, kama anayejibu hesabu. Ildefonce alimtazama, akalipiga tena jiwe lake, akatangulia.

Siku ya shindano walipelekwa Kasulu kwa gari la parokia, wakifunga madirisha kwa sababu ya vumbi na kuyafungua kwa sababu ya joto. Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa wazee walioalikwa, bibi na babu za wanafunzi. Majaji waliongozwa na Mwalimu Saady, mstaafu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Wanafunzi walisoma kazi zao mmoja baada ya mwingine, wengine wakitetemeka mpaka karatasi ikapiga makofi kabla ya watu.

Akimana hakutetemeka. Alipanda jukwaani, akatazama ukuta wa nyuma, akaimba maneno yake ya Kiswahili kwa sauti ileile ya Bibi.

"Amani kwako uliyenifungulia..."

"Eee," mtu akaitikia.

Ilikuwa sauti ya kizee kutoka mstari wa mbele. Watoto wakacheka. Akimana akaendelea, na sauti ile ikaitikia tena, mahali panapostahili hasa. Aliyeitikia alikuwa bibi mwembamba aliyejitanda kitenge cha kijani, amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu. Kicheko kikafa. Ukumbi ukawa unasikiliza watu wawili. Akimana naye, bila kukusudia, alikuwa ameacha kutazama ukuta. Alikuwa anaimba, anangoja, anajibiwa, anaimba. Hakuwa amejibiwa tangu wakati wa kupanda mahindi.

"Ni mimi Akimana, mlima wa kwetu unanijua."

Kimya.

Bibi yule alikuwa amefumbua macho. Akimana alidhani hakusikika, akarudia, "Ni mimi Akimana." Bado kimya. Alisimama pale mdomo wazi, hajui aendelee vipi, kwa sababu ambaye jina lake halijapokelewa hawezi kuingia ndani ya nyumba.

Bibi yule alisimama kwa kushikilia kiti chake. Hakukasirika, alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kumpokea mgeni asimwone.

"Mwana wanje, mwanangu, salamu hii naijua," alisema. "Mabamba tulilima shamba jirani, mimi ndiye niliyekuwa namwitikia. Mimi ni Esteri. Mbona Nizigiyimana hayumo humo ndani? Amekutuma? Yuko wapi mwenyewe?"

Bibi Esteri hakujua. Watu walikuwa wamehama, wametawanyika, na habari haikumfikia. Akimana akaelewa kwamba ukumbi mzima unasubiri, na kwamba hakuna mwingine wa kujibu.

"Amefariki, Bibi."

Hakuwahi kulisema neno hilo kwa kinywa chake. Lilipotoka, moyo ukamuuma, ukamuuma kwelikweli, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Yoo!" Bibi Esteri akajifunika kichwa kwa kitenge chake.

"Na salamu si yangu," Akimana akasema, sasa analia waziwazi, kamasi na yote, bila kujali nani anamwona. "Ametunga yeye. Mimi nimeliondoa jina lake nikaweka langu."

Mwalimu Saady alivaa miwani, akaivua. Akasema kwa upole kwamba kwa kanuni zilizowekwa kazi hiyo haiwezi kushindanishwa. Akimana akashuka jukwaani, na hakuna aliyempigia makofi wala kumzomea.

Nje, Mwalimu Careen alimkuta ameketi kwenye ngazi pamoja na Bibi Esteri, ambaye alikuwa amemshika mkono na kuuliza habari za ugonjwa, za mazishi, za kaburi lilipo. Mwalimu hakumbembeleza.

"Ulinitazama usoni ukaniambia umetunga wewe."

"Ndiyo, Mwalimu. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe. Na bado nimekasirika, usije ukadhani nimesahau." Alikaa kwenye ngazi, akavuta sweta lake. "Akimana, kuna kazi nyingi za wanawake ambazo tunazisoma na hatujui nani alizitunga. Mimi mwenyewe huwa nawaza majina yao yalipotelea wapi. Wako waliofutwa na wakubwa waliowadharau. Lakini nadhani wako pia waliofutwa na mtu wa nyumbani kwao, mtu aliyewapenda, akaona ni jambo dogo."



Majaji walipomaliza, Mwalimu Saady aliwafuata hapo nje. Alisema kazi ile haitapata tuzo, lakini wangependa iwemo kitabuni, nje ya shindano, pamoja na maitikio ya Bibi Esteri. Itaandikwa kwamba ametunga Nizigiyimana, anaitikia Esteri, ameiandika kwa Kiswahili Akimana. "Ila ruhusa si yangu," alisema. "Ni ya familia. Kamuulize mama yako."

Hapo Akimana aliona afadhali angeambiwa apande jukwaani tena. Kumuuliza Mama kulikuwa kuvunja kimya cha nyumba nzima.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mama uani akimenya mihogo. Alimwamkia, akasimama mbele yake, akaeleza yote bila kupunguza: kalamu iliposimama, uongo wa kwanza, uongo wa pili, Bibi Esteri na swali lake. Kisu cha Mama kiliendelea kumenya kwa muda, kikasimama.

"Esteri yu hai?" Mama aliuliza.

"Yu hai, Mama. Alilia sana. Atakuja kwenye kuganduka."

"Na wewe ulilia?"

"Nililia."

Mama aliweka kisu chini. Alikaa hivyo, mikono ina utomvu wa mihogo. Akimana alidhani sasa atagombezwa. Badala yake Mama alisema, "Imba."

Akimana akaimba, kwa lugha ya Bibi safari hii, akiwa amesimama pale pale penye maganda. Mama aliitikia kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa bila kutumika. Walipofika kwenye jina, Akimana alilitaja, refu, bila kukata hata kipande.

"Nizigiyimana," Mama akaitikia. Akalirudia tena ingawa salamu haidai mara mbili. Kisha akavuta kiti kilichokuwa mlangoni, akamwambia mwanawe akikalie.

"Sasa nisikilize," alisema. "Kuandika umeandika wewe, na umeandika vizuri, kazi hiyo ni yako, usiidharau. Kutunga alitunga mama yangu. Mtu mwaminifu husema yote mawili, hasemi lile linalompendeza tu. Mimi pia nimekosa. Nilidhani nikikaa kimya ndiyo namheshimu, kumbe nilikuwa namsahaulisha mtoto wangu." Alijifuta uso kwa mkono wenye utomvu, akauchafua zaidi. "Kesho mwambie mwalimu wako nimekubali. Na waliandike jina lake lote, hata kama haliingii vizuri kwenye mstari wao."